Maji ya Kinywa

Pap Onditi
14 Oktoba 1984

Mwanangu Anyango,

Nimeketi mlangoni na daftari la ngumbaru juu ya goti. Darasa letu la watu wazima limefungwa. Mwalimu Laban anasema wanafunzi wake wote wako kwenye foleni ya mahindi na hawezi kufundisha madawati. Kwa hiyo hakuna wa kunisahihisha. Ukikuta makosa, yaache yalivyo.

Mvua ya mwezi wa nne ilitudanganya, unajua. Sasa tunakula mahindi ya manjano ambayo chifu anagawa. Yanachemka kutwa nzima na bado ni magumu. Watoto wanavimba matumbo, wengine wanaendesha.

Jumatano nilikwenda kwa jirani yetu wa chini, mke wa fundi wa baiskeli, kuomba moto. Mtoto wake alikuwa anakula nyoyo, mahindi hayo hayo na maharagwe machache. Anyango, sitakuficha. Nilikuwa sijala tangu jana yake na nilikitazama kile chakula. Kisha nikachukua kaa langu la moto nikaondoka. Jioni mtoto akaanza kujikunja. Wakamwita yule mama anayekanda matumbo, naye akauliza, "Nani alimwona huyu akila?" Wakanitaja.

Walikuja watatu, kwa adabu. Mama wa mtoto akapiga magoti. "Mama Anyango, sukutua tu kinywa ndani ya hiki kikombe tumnyweshe. Hatusemi kitu kingine."

Nilimwangalia mtoto. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa bondeni. Nikasukutua. Wakamnywesha. Asubuhi alikuwa anacheza.

Walinishukuru. Lakini jana sokoni mwanamke anayeuza dagaa wa omena alifunika sinia yake kwa leso nilipokaribia. Wa pili akamwona, naye akafunika. Wanasema nina sihoho, kwamba jicho langu likiangukia chakula cha mtu chakula kinageuka tumboni mwake. Wewe umezaliwa hapa, unalijua neno hilo kuliko mimi niliyeletwa na marehemu baba yako kutoka Bungoma.

Msalimie Maximilla. Mwambie akufundishe kukata suruali, si magauni peke yake.

Mama yako,
Nasipwondi


Kisumu
29 Oktoba 1984

Mama,

Barua yako nimeisoma mara mbili na bado nimekasirika. Kwa nini ulikubali? Mtoto angepona mwenyewe. Hapa Kibuye tumekula mahindi hayo hayo tukaumwa matumbo hayo hayo. Maximilla alilala siku mbili na cherehani ikiwa imefunikwa. Hakuna aliyemtafuta mtu wa kumtazama.

Hujui watu hawa, Mama, ingawa umekaa nao miaka ishirini na mbili. Ukisukutua umekiri. Umewapa ushahidi kwa kinywa chako mwenyewe. Na wanasema kitu hicho kinatoka kwa mama kinaingia kwa binti. Umefikiria hilo?

Wakija tena na kikombe chao, kataa. Waambie waende hospitali. Nataka uniahidi.

Kuna mtu anaitwa Walter, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kombewa. Alileta kaptura za wanafunzi tushone. Nitakuambia habari zake siku nyingine.

Anyango


Pap Onditi
3 Februari 1985

Mwanangu,

Niliahidi na nikatimiza. Sasa nisikilize.

Wiki mbili zilizopita kitindamimba wa shemeji yangu Joram alishikwa na tumbo. Yule wa miaka miwili, aliyekuwa akinifuata kisimani. Selpha, mama yake, alikuja na kikombe. Hakupiga magoti. Sisi ni wake wa ndugu wawili, tumelima pamoja, hakuona sababu ya kunipigia magoti. Alisema, "Nasipwondi, harakisha."

Nikamwambia, "Mpelekeni hospitali."

"Tumetoka huko. Wamempa dawa, anatapika. Sukutua."

Nikakumbuka barua yako. Nikasema hapana, nikisukutua nitakuwa nimekubali jambo lisilo kweli. Alisimama pale muda mrefu, kikombe mkononi. Kisha akakimwaga, maji mazuri ya kunywa, akarudi kwake.

Mtoto alifariki siku ya tatu.

Joram akanipeleka kwa naibu wa chifu. Watu walikuwa wengi. Naibu akaniuliza, "Mara ya kwanza ulitoa maji na mtoto akapona?" Nikasema ndiyo. "Mara ya pili ukakataa na mtoto akafa?" Nikasema ndiyo. Akafunga daftari lake. Nilitaka kuongeza kitu lakini tayari watu walikuwa wanasimama.

Wamesema nisiende sokoni siku ya soko. Nisipite uani kwa mtu wakati wa kula. Nisihudhurie matanga. Nyumba hawakuichoma, na Joram ananiambia nishukuru.

Sikulaumu. Ulinikataza kwa sababu unanipenda. Lakini wewe umefika kidato cha pili, nami sina mwingine wa kumuuliza. Ningetoa yale maji, mtoto angekufa?

Nijibu ukipata nafasi.

Mama yako,
Nasipwondi


Kombewa
11 Agosti 1985

Mama,

Najua nimekaa kimya miezi sita. Nilianza barua nyingi nikazichana.

Nimeolewa. Niko Seme, hapa Kombewa, nyumbani kwa akina Walter. Wananiita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach. Ni mtu mpole, hanywi, na nyumba yetu ina bati. Mama yake anaitwa Dorca. Ni mkali, lakini mchapakazi, na ananifundisha mambo ya hapa.

Sasa nakuambia lililonizuia kuandika. Kabla hawajanichukua waliuliza habari za kwetu, kama watu wote wanavyouliza. Walitaka kujua mama yangu ni nani na ametoka ukoo gani. Nilijua wakifika Pap Onditi watasimuliwa yote kabla hawajakaribishwa kiti. Nikamwambia Walter kwamba ulifariki wakati wa njaa. Baba mdogo Joram alikubali kusimama kama baba, mazungumzo yakafanyika Kisumu, nyumbani kwa binamu yake. Hakuna aliyekuja nyumbani.

Mama, sijalala vizuri tangu siku ile. Ningesema ukweli ningekaa kwa Maximilla mpaka nizeeke. Ungekuwa mimi ungefanyaje?

Tafadhali usije huku. Ukiandika, andika kwa Maximilla pale Kibuye, nami nitazichukua nikienda mjini. Usiandike jina lako nyuma ya bahasha.

Nisamehe.
Anyango


Pap Onditi
25 Agosti 1985

Anyango,

Barua imefika. Kumbe ndiyo sababu Joram alikwenda Kisumu mara tatu na shati jipya.

Kwa hiyo nimekufa. Niambie nilikufa mwezi gani na nimezikwa wapi, upande gani wa nyumba, ili siku moja mtu akiniuliza tusipishane.

Mumeo akiwa mpole, nimefurahi. Mwambie Dorca asante kwa kukufundisha. Hapana, usimwambie. Marehemu hatumi salamu.

Mama yako


Kombewa
6 Machi 1987

Mama,

Nimejifungua msichana. Ni mzima, ana mikono mirefu kama yako.

Kuna jambo sikulitazamia. Mama Dorca alisema mtoto wa kwanza wa kike apewe jina la bibi yake aliyekufa, ili marehemu asijisikie ametupwa. Nikasema kuna majina mengine. Akasema, "Mama yako alikufa kwa njaa, nawe unamnyima hata jina?" Walter akamuunga mkono. Alidhani nakataa kwa sababu ya uchungu, akanishika bega. Ningesema nini?

Anaitwa Nasipwondi. Wanalitamka vibaya hapa, lakini wanalitamka kutwa nzima, nami nageuka kila mara nikidhani umeingia.

Anyango


Pap Onditi
22 Machi 1987

Mwanangu Anyango,

Nilikwenda shambani baada ya kusoma, nikalima mpaka jua likanishinda. Sikujua nifurahi au niogope. Mtu kupewa jina lake akiwa bado anavuta pumzi, wazee wa kwetu wangesema nini sijui. Jina hilo si la huko, Anyango. Litasikika mbali. Lakini limeshatoka.

Nakuomba kitu kimoja. Siku utakayokwenda mjini, mlete mtoto kwa Maximilla. Sitasema mimi ni nani. Nitakuwa mteja aliyekuja kupimwa gauni. Nataka nimwone mara moja tu.

Wakati wa kumnyonyesha nitatazama pembeni, usiwe na wasiwasi.

Mama yako,
Nasipwondi


Kombewa
9 Juni 1987

Mama,

Sijui ulifika nyumbani saa ngapi. Nilitaka kukusindikiza mpaka stendi nikaogopa kuonekana.

Nimekuwa nikifikiria yale ya Jumanne iliyopita. Ulimbeba, ukamwimbia kwa lugha yenu, akanyamaza, yeye ambaye hanyamazi kwa mtu. Kisha akaanza kutafuta titi, nawe ukanirudishia haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, ukageukia ukuta. Ulikaa hivyo mpaka akashiba. Maximilla aliinuka akatoka nje. Nadhani alikuwa analia.

Nilipaswa kukuambia, "Mama, geuka." Neno lilikuwa mdomoni. Sikulisema. Na nikikuficha hili nitakuwa nimekuzika mara ya pili: ulipogeuka, nilipata nafuu. Mimi, binti yako, ninayejua kwamba ni uongo.

Sijui nikuombe nini. Sikuombi msamaha, maana utanipa, na sitaki unipe haraka.

Anyango


Kombewa
18 Septemba 1990

Mama,

Ni miaka mitatu nakuandikia habari fupi fupi, mvua, watoto, kazi. Leo sina habari fupi.

Jumapili alikuja kanisani mwanamke wa Nyakach aliyeolewa kijiji cha pili. Baada ya ibada Mama Dorca akamwita mtoto, "Nasipwondi, njoo uvae viatu." Yule mwanamke akasimama. "Jina hilo mmelitoa wapi? Kwetu Pap Onditi yuko mama mmoja tu anaitwa hivyo, na akipita watu wanafunika vyakula."

"Yuko?" Mama Dorca akauliza.

"Yuko. Nilimwona Pasaka."

Hakunipigia kelele. Alirudi nyumbani, akaingia jikoni kwangu, akachukua sahani zake na mwiko wake, akaenda.

Jana mtoto wa shemeji yangu, wa miaka minne, alianza kuumwa tumbo. Juzi alikula hapa pamoja na wangu. Wametuma neno kwamba jioni hii watakuja. Sijaambiwa wanakuja na nini, lakini nimeona mama yake akisuuza kikombe. Walter yuko kwenye semina ya walimu mpaka Ijumaa.

Najua barua hii haitakufikia kabla ya jioni. Naiandika ili mikono iwe na kazi.

Nikisukutua, nimekiri, na binti yangu amekiri pamoja nami akiwa na miaka mitatu. Nikikataa na mtoto akafa, wewe unajua kuliko mtu yeyote. Uliniuliza swali mwaka ule, nami sikukujibu. Niliruka kwenye habari za harusi. Nilijua kwamba mimi ndiye niliyekuambia ukatae. Nimelijua kila siku.

Nifanye nini, Mama? Nawasikia getini.

Anyango


Pap Onditi
27 Septemba 1990

Mwanangu,

Maximilla alileta barua yako mwenyewe, leo, siku ya tisa. Lililofanyika limefanyika. Lakini umeniuliza, na nitakujibu kana kwamba bado uko mlangoni.

Toa maji.

Sisemi hivyo kwa kuwa yanaponya. Miaka sita nimejiuliza na sijui. Kuna siku nimeyatazama macho yangu kwenye karai nikayaogopa. Toa kwa sababu mama wa mtoto amesimama hapo na kikombe na hana kitu kingine duniani. Mara ya kwanza nilitoa bila kufikiri, nikaharibikiwa, na bado naona hiyo ndiyo siku niliyofanya vizuri. Mara ya pili nilifikiria jina langu. Selpha akamwaga yale maji chini mbele yangu, nami nilikuwa na haki. Haki hiyo haijanipa usingizi hata siku moja.

Usijilaumu kwa ushauri wako. Wewe uliandika tu. Kinywa kilikuwa changu.

Maximilla ameambiwa sokoni kwamba wameamua uondoke Seme. Kama ni kweli, njoo nyumbani. Mlango unaujua.

Mama yako,
Nasipwondi


Kombewa
2 Oktoba 1990

Kwako Mama Nasipwondi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, ingawa kwa miaka mitano nilielezwa vinginevyo. Mimi ni Walter, mume wa binti yako. Nimepata anwani hii ya shule ya Pap Onditi kwa mwalimu mwenzangu.

Kwa masikitiko nakuarifu yaliyotokea. Tarehe 18 Septemba, nikiwa sipo, mtoto wa kaka yangu aliugua, na Anyango akaombwa afanye kama desturi inavyotaka. Alifanya bila kubishana. Mama wa mtoto anasema alikichukua kikombe kabla hata hajaelezwa. Mtoto alipelekwa pia hospitalini akapewa dawa. Alipata nafuu siku ya pili. Mimi binafsi naamini ni dawa. Lakini mimi ni mmoja.

Niliporudi Ijumaa wazee walikuwa wameshakaa. Walisema aliyeponya ndiye aliyelifunga tumbo la mtoto. Walisema pia kwamba alitudanganya kuhusu wewe, na hilo sikuweza kulikanusha. Nilijaribu kuongea. Mama yangu alisema nikimweka Anyango, yeye atahama, na watu wa boma wote hawatakula kwangu.

Kwa kuwa jambo hilo linasemekana kupita kwa wanawake, imeamuliwa Anyango aondoke pamoja na msichana. Mvulana wetu, Ouma, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, atabaki. Aliondoka Alhamisi tarehe 27, asubuhi. Nilimsindikiza hadi mahali ambapo barabara inaonekana.

Naomba unijulishe kama amefika salama. Ouma anamtafuta.

Wako mtiifu,
Walter


Pap Onditi
9 Oktoba 1990

Mwalimu Walter,

Hajafika.

Nimetuma watu Kisumu kwa Maximilla. Hayuko huko pia. Umemwacha mtu barabarani na mtoto wa miaka mitatu, na sasa unamuuliza marehemu kama amefika.

Binti yangu alikudanganya, ni kweli. Alinizika ili akupate wewe. Nilipojua nilinyamaza, nikidhani amepata mtu wa maana.

Umeandika kwamba unaamini ni dawa. Mimi nimejifunza kusoma nikiwa mtu mzima na nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ungeisema mbele ya mama yako kabla ya kuniandikia mimi. Na umemfukuza mtoto mmoja ukambakiza mmoja, wote walionyonya titi moja. Kama kitu hicho kipo, unalala nacho nyumba moja. Kama hakipo, msichana yuko wapi?

Mtafute.

Nasipwondi


Otonglo
13 Januari 1991

Mama,

Tuko hai. Najua umetutafuta. Maximilla alinikuta wiki iliyopita hapa Otonglo, kando ya barabara ya Busia, akanigombeza mbele ya wateja, kisha akaniazima cherehani yake ya zamani. Akanipa pia barua yako ya Septemba, iliyosema nitoe maji. Nilikuwa nimeshatoa. Nilipoisoma ndipo nilipolia.

Usiniulize kwa nini sikuja nyumbani. Nilifika stendi ya Kisumu siku ile ile, nikakaa na mzigo, mtoto mapajani, nikashindwa. Ningeingiaje kwa mama niliyemuua? Nikageuka na gari la kwanza. Huko Kakamega, kwa rafiki ya Maximilla niliyemsihi asimwambie, tulikaa miezi miwili, mtoto akaugua surua, akapona. Nikarudi hapa kwa sababu ni karibu na Kombewa.

Siku za soko nakwenda huko. Mara mbili nimemwona Ouma mgongoni kwa Mama Dorca. Amenenepa. Mara ya kwanza alinyoosha mkono. Mama Dorca akavuta leso akamfunika uso, taratibu, kama mtu anayemkinga mtoto na vumbi. Mara ya pili hakunyoosha mkono. Walter alinipita na baiskeli. Aliteremka, akasimama, akaniuliza kama tunakula. Nikamwambia tunakula. Akapanda tena.

Hapa nilisema mimi ni mjane na sina mama. Ulimi ulishazoea. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye bomba la maji na wanawake wengine, na mtoto akaniuliza, "Jina langu ni la nani?"

"La bibi yako."

"Yuko wapi?"

Wanawake walikuwa wanasikiliza. Nikasema, "Yuko Pap Onditi. Analima."

Mmoja akaniuliza, "Si ulisema alikufa?" Nikamwambia nilidanganya, nikamweleza na sababu, yote, kikombe na kila kitu, huku ndoo yangu inajaa na kumwagika. Wawili wakabeba ndoo zao wakaenda. Mmoja alibaki akanisaidia kujitwisha. Mwenye nyumba hajasema kitu bado.

Njoo ukae nasi. Chumba ni kimoja, lakini ni kikavu.

Anyango


Pap Onditi
28 Januari 1991

Mwanangu Anyango,

Nilipopata barua yako niliandika jibu la kukataa. Niliandika kwamba nikija tutakuwa watatu wa kuogopwa katika chumba kimoja, badala ya wawili. Kwamba ubadilishe jina la mtoto, uhame, useme ulichanganyikiwa kule kwenye bomba, mama yako alishakufa. Niliifunga barua hiyo nikaipeleka hadi shuleni kwenye sanduku la posta. Mwalimu Laban akaniuliza, "Unamwandikia Anyango? Amepatikana?" Nikasema amepatikana. Akasema, "Basi utakwenda." Hakuuliza. Alisema tu. Nikarudi nayo nyumbani.

Nakuja. Shamba nimemwachia Joram, kwa maneno mawili, hakutaka la tatu. Juzi Selpha alisikia naondoka akaja mpaka kwenye ua wa minyaa akasimama upande wake. Alikuwa hajasimama hapo tangu mwaka ule.

Akasema, "Mtoto wangu angekuwa na miaka minane."

"Najua," nikamwambia.

Nilingoja aniulize. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba sijui kama yale maji yangesaidia, ila natamani ningeyatoa. Hakuuliza, nikamwambia hivyo hivyo. Alivunja kijiti cha ua, akaondoka. Sijui kama amenisamehe. Nadhani hapana.

Kuhusu Ouma, usiache kwenda sokoni. Akifunikwa uso, zungumza na wauza mboga kwa sauti, akusikie. Nami nikifika tutakwenda wawili. Sikuahidi kwamba atarudi. Dorca ni mama wa mtu na ana hofu yake, na Walter ataendelea kuteremka kwenye baiskeli na kupanda tena. Mtoto anaweza kukua akituogopa. Lakini asikue akidhani tulimwacha.

Nitafika Jumamosi ijayo, nikipata gari mapema, kabla ya saa sita. Naleta blanketi, jembe na mbegu za njugu. Usije kunipokea, usiache kazi.

Na usiwaambie majirani zaidi ya uliyowaambia, wala usiwaombe chochote kwa niaba yangu. Jina langu nitawaambia mwenyewe, mchana, watu wakiwa wanakula.

Mama yako,
Nasipwondi